Gari Lililokwama Juu ya Kianjokoma

Siku mliponikatia keki ya kuniaga, mmoja wenu aliniomba niseme maneno machache ya kuwajenga, nikashindwa. Nilikuwa nimechoka. Miguu ilikuwa imevimba, na hata keki yenyewe ilichorwa gari juu yake, kana kwamba sikuwa nimeyaona ya kutosha. Sasa nimelala vya kutosha hapa kwangu Nkubu, nikaona niwaandikie yale ambayo yangenikwama kooni siku ile. Ya vyeo na mishahara nitayaruka. Nani alipandishwa na nani aliachwa mnajua wenyewe, na asiyejua aulize jikoni saa ya chai.

Niliingia pale kwenye yadi yetu ya kuuzia magari, Meru mjini, kama mpokea simu. Kazi ya kuonyesha magari ilikuwa ya wanaume, na mimi sikuwa na hamu nayo. Lakini nilijua kuendesha, kwa sababu baba yangu alikuwa na pikapu ya kupeleka maziwa na hakuwa na mtoto wa kiume aliyependa kuamka mapema. Siku moja waonyeshaji wote walikuwa nje, akaingia mkulima mmoja wa ndizi, mtu mzima aliyevaa koti zuri. Nikachukua funguo, nikamsalimu, nikamwambia karibu tulione gari. Alinitazama, akatazama nyuma yangu, kisha akauliza, “Mwenyewe ako wapi?”

Nikamwambia mwenyewe ni mimi. Akasema atangoja.

Alingoja kweli. Alikaa kwenye benchi na kofia yake magotini mpaka Bwana Salim aliporudi. Salim alikuwa mwonyeshaji mkuu, mtu wa Majengo kule Embu, wa ukoo wa wauza nyama, na Kiswahili chake kilitufanya sisi wengine tuone haya kufungua midomo. Alipoambiwa mteja anamngoja yeye, alivua viatu, akaketi, akamwambia yule mzee, “Mimi leo goti linaniuma. Huyu binti ndiye anayelijua gari hilo.” Goti halikuwa na shida yoyote. Mzee alipanda, nikaendesha, na baada ya siku chache alirudi kununua. Alimwomba Salim, si mimi, amwandikie karatasi ya mauzo. Hilo nalo nililizoea.

Yote ninayoyajua kuhusu kazi ile nilifundishwa na Salim. Hakukubali kamwe kumwonyesha mtu gari tupu. Kwenye buti alibeba gunia la viazi, na kando yake kigoda cha mbao cha akina mama wazee kukanyagia wakipanda. Wenzetu walimcheka, wakasema anageuza gari jipya kuwa la sokoni. Yeye aliniambia, “Kananu, hakuna mtu wa huku anayetembea na gari tupu. Usimwonyeshe kitu ambacho hataishi nacho.” Kabla ya kufungua mlango aliuliza maswali matatu: nyumbani ni wapi, barabara ya kufika huko ikoje, na nani atakaa kiti cha nyuma. Bei ilizungumzwa mwisho, na mara nyingi mteja mwenyewe ndiye aliyeianzisha.

Alinifundisha pia kuwapokea wajumbe. Nyinyi mliokuja juzi kutoka Nairobi bado mnashangaa mteja akifika na watu sita. Huku kwetu mtu hanunui gari peke yake, kama vile haoi peke yake. Kwanza watu wa nyumbani hutumwa kulitazama: mjomba anayesema, fundi wa familia anayepiga magurudumu teke, mama mmoja anayekaa kimya, na mara nyingine mtu ambaye sifa yake ni kwamba aliwahi kufanya kazi bandarini. Mnunuzi mwenyewe husimama pembeni kama bwana harusi. Msimkimbilie yeye. Zungumzeni na mjomba, mheshimuni fundi, na mumtazame yule mama, kwa sababu akirudi nyumbani ndiye atakayeulizwa.

Salim alifariki kabla ya magari ya skrini kuingia. Huwa nasema afadhali hakuyaona, lakini nasema hivyo kujifariji tu. Nilimkosa sana, na hasa mwaka huu wa mwisho, ambao ndio ninaotaka kuwaeleza.

Mnalikumbuka gari lile. Gari la familia, la juu kidogo kuliko magari madogo ya kawaida, lenye sura ya gari la porini lakini moyo wa gari la lami. Toleo la kwanza lilipendwa sana kuanzia Meru mpaka Embu, na sasa lilikuwa limeboreshwa. Lilipewa uso mpya, taa nyembamba, skrini kubwa kama sinia, kamera ya nyuma, na viti vya safu ya tatu ambavyo mtoto angeweza kukalia bila kulalamika mpaka Chuka. Wakati huohuo liliondolewa vitu viwili. Toleo tulilopelekewa sisi lilivuta kwa magurudumu ya mbele peke yake, na tumbo lake lilishushwa kidogo ili litulie kwenye lami. Hakuna aliyeficha jambo hilo. Tuliambiwa wazi kwenye mafunzo. Ila jina lilikuwa lilelile, na picha ya tangazo ililiweka juu ya mlima.

Meneja wetu Mutwiri, kijana mwenye adabu na presha nyingi kutoka juu, alinipa safari ya kulitembeza kabla halijaanza kuuzwa: Nkubu, Kianjokoma, kisha Gachoka. Watu waone, wapande, waache majina. “Madam, tafadhali,” akaniambia, “lami tu. Gari tumepewa moja.” Nikaweka gunia langu la viazi kwenye buti alipokuwa anajibu simu.

Nkubu ilikwenda vizuri, lakini ilinichosha. Nilirudia maneno yaleyale juu ya skrini mpaka sauti ikakauka, na watoto wa shule walifungua na kufunga mlango wa nyuma wa umeme hadi nikahofia betri. Mwanamke mmoja wa ndizi aliuliza mikungu mingapi itaingia viti vikilazwa, tukaenda kuchukua mikungu tukapima. Hilo ndilo swali pekee lililonifurahisha siku ile.

Kianjokoma nilisimama karibu na soko. Mawingu yalikuwa yameshuka kutoka msituni, na watu waliovaa makoti mazito walilizunguka gari mikono ikiwa mifukoni. Baada ya chakula cha mchana wakaja wajumbe. Mbele alikuwa mjomba mwenye fimbo, nyuma yake fundi aitwaye Njiru, kisha mama mmoja mfupi mwenye leso kichwani. Pembeni alisimama mwalimu wa shule ya msingi, Nyaga, na mke wake Wawira, mwenye mimba ambayo sweta lilikuwa limeanza kushindwa kuificha. Yule mama mfupi alikuwa mamake Wawira.

“Madam, hatukuja kusumbua,” mjomba alisema. “Tumekuja kuona kama ile gari tuliambiwa ndio hii.”

“Hii naijua,” fundi Njiru akadakia. “Jirani yangu iko nayo, ile ya zamani. Ni fowili. Hii inapanda mpaka kwa ukuta.”

Nikawaambia kwamba ile ya zamani kweli ilivuta magurudumu yote manne, ila hii inavuta ya mbele tu.

“Madam, usikasirike,” Njiru akasema, “pengine wewe walikuficha.”

Sikukasirika, hasira za namna hiyo zilikwisha zamani. Nilimtandikia gunia tupu chini akajilaza, akaingia chini ya gari na tochi yangu. Tulisikia akigongagonga. Alipotoka alijipangusa mikono kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo. “Shafti ya kuzungusha magurudumu ya nyuma hakuna,” akasema, akimtazama mjomba, si mimi.

Mwalimu Nyaga akaja mbele kwa mara ya kwanza. “Lakini jina si ni ile ile?”

“Jina ni lile lile, mwalimu.”

“Nilishaambia kila mtu.” Aliweka mkono juu ya boneti, akauondoa. “Chama imekubali kunisimamia mkopo, hata wazee wamekaa. Kwetu ni huko juu, karibu na msitu. Barabara ni ya udongo.”

Wanaume wakaanza kuzungumza kwa Kiembu, wote pamoja, namna ya kuweka cheni, namna ya kubadilisha magurudumu. Wawira hakuwangoja wamalize. Alikuja upande wangu, akashika mlango wa nyuma uliokuwa wazi, akazungumza kwa sauti ya kawaida kabisa, kila mtu akasikia.

“Madam, mimi wa kwanza nilimpoteza nyumbani. Wa pili nilimpoteza kwa barabara, ndani ya pikapu ya majani chai, tukingoja watu watusukume. Huyu atakuja wakati wa mvua. Sitaki kujua mambo ya tivii yake. Niambie tu kama hii gari itashuka na mimi.”

Mjomba alitazama viatu vyake. Si jambo linalosemwa mbele ya wazee, na Wawira alilijua hilo. Nilijisikia vibaya kwa kila neno nililokuwa nimesema kuhusu skrini tangu asubuhi.

“Sijui,” nikamwambia. “Twende tukaone.”

Nilimpigia Mutwiri kwanza, maana si vizuri kumficha mkubwa wako. “Madam, lami tu, please,” akasema. “Kesho hiyo gari inahitajika Gachoka.” Nikamwambia nimemsikia, na kweli nilikuwa nimemsikia.

Mvua ilianza tulipoiacha lami. Tulipita kituo cha kununulia chai, mashamba yakiwa yamelala pande zote mbili, na chini ya mteremko wenyewe nikasimamisha gari. Nilimwambia Wawira ashuke, yeye na mama yake, wapande kwa miguu njia ya mkato katikati ya chai. Alitaka kubaki ndani. Mama yake hakubishana naye, alimfungulia mlango tu, akafungua mwavuli. Tukabaki mjomba, fundi, mwalimu, viazi na mimi.

Nilipanda taratibu, bila kukanyaga mafuta kwa pupa, kama Salim alivyonifundisha. Gari lilijitahidi. Nasema hivyo kwa haki, kwa sababu si gari baya. Lilipanda mpaka kwenye kona ya kwanza, likapita. Kona ya pili magurudumu ya mbele yakaanza kuzunguka bure, pua ikaelekea bondeni, nami nikaliacha lirudi polepole mpaka ubavu wake ukaegemea ukingo wa shamba. Kwenye dashibodi ikawaka alama ya njano kutuarifu kwamba tunateleza. Skrini ikatuonyesha majani chai ya nyuma yetu kwa rangi nzuri sana.

Nikavuta breki ya mkono. Kisha mwalimu, aliyekaa mbele kando yangu, akasema, “Ni hapa.”

“Hapa nini?”

“Ile pikapu. Ilikuwa hapa.”

Niliwahi kukwama mara nyingi katika kazi hii, na kila mara kulikuwa na neno la kusema, mzaha, ahadi, hata uongo mdogo wa kumpa mteja moyo. Pale nilizima injini tu. Nilitazama juu nikamwona Wawira amesimama kwenye chai chini ya mwavuli. Alikuwa ameona yote. Akageuka, akaendelea kupanda kwenda nyumbani akishikwa mkono na mama yake, na mimi nikahisi uchovu wa miaka yote umeniangukia begani kwa pamoja.

Wachuma chai waliokuwa karibu walikuja na aproni zao za plastiki, wakatusukuma, wakatuondoa. Waliona kila kitu, na habari zilifika Kianjokoma kabla yetu. Mutwiri aliniambia baadaye kwamba hakupata jina hata moja kutoka upande ule. Hakunifokea. Alionekana tu kama mtu anayefikiria atakayoulizwa Nairobi.

Lakini kabla ya kushuka tulitembea mpaka kwa mwalimu tukanywa chai. Tulikaa na matope yetu kwenye viti vyenye vitambaa, na mjomba akaeleza kwamba mtu akingoja bonasi ya chai, yale malipo ya wakulima ya mara moja kwa mwaka, na mwaka ukiwa mzuri, anaweza kupata gari kubwa la mtumba, fowili kamili.

“Mtoto hangoji bonasi,” mama mfupi akasema. Ndiyo maneno ya kwanza niliyomsikia akisema.

Nikauliza Wawira anatibiwa wapi. Mwenyewe akasema daktari aliyemshughulikia baada ya ile mimba ya pili yuko Nkubu, hospitali ya misheni, na alimwambia akaribie mapema, akae karibu, lakini Nkubu hawana mtu. Nikasikia sauti yangu ikisema, “Mimi nakaa Nkubu. Ni mwendo mfupi mpaka hospitali. Chumba cha binti yangu hakina mtu.”

Msidhani nilisema kwa wema mkubwa. Nilikuwa nimelowa, nilitaka kwenda nyumbani, na niliona wazi kwamba gari nililolileta halikuwa jibu la swali la Wawira. Nyumba yangu ilikuwa tupu, ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho.

Mjomba aliweka kikombe chini. “Wewe ni wa nani?” akauliza. Nikamtajia baba yangu, na ukoo wetu, na kanisa. Akaitikia kwa kichwa pole pole, akasema watakuja kuona.

Kesho yake nilifika Gachoka na matope yakiwa yamekauka mpaka madirishani, kwa sababu sikupata mahali pa kuosha. Gachoka ni tambarare na kavu, barabara ngumu, mbuzi kila mahali. Mfanyabiashara mmoja wa mifugo alikwangua tope kwa ukucha akawaambia wenzake, “Hii imetoka mlima. Si mnaona?”

“Ilikwama mlimani,” nikamwambia. “Ilisukumwa na wachuma chai.”

Wakacheka. Wakadhani nawatania. Nikarudia, nikawaambia na kuhusu magurudumu ya mbele, wakasema kwani Gachoka kuna mlima gani. Walipanda na wake zao, tukazunguka, wakaacha majina mengi kuliko mahali pengine popote. Nao hawakukosea: kwa barabara zao lile ni gari zuri. Nilistaafu muda mfupi baadaye, mkanikatia keki.

Wajumbe walikuja Jumamosi moja. Walikuja walewale, mjomba na fimbo yake, fundi Njiru na mama mfupi, mwalimu akiwa nyuma. Nimeonyesha magari kwa watu wa kila aina, lakini sijawahi kuonyesha kitu kwa wasiwasi kama siku ile nilipofungua mlango wa chumba cha binti yangu. Mjomba aliuliza maji yanatoka siku gani. Njiru aliupiga ukuta kwa ngumi, akajaribu kitasa mara kadhaa, akainama chini ya kitanda na tochi yake mwenyewe. “Hii iko sawa,” akasema, safari hii akinitazama mimi. Mama mfupi aliketi kitandani, akanyoosha shuka kwa kiganja, akabaki ameketi. Mwalimu aliuliza njia ya kwenda hospitali, nikamtembeza mpaka langoni na kurudi, na njiani akaniambia gari ameliacha, ule mkopo ataushughulikia baada ya mtoto.

Wawira alihamia na mama yake mvua zilipokaribia. Hakuwa mtu wa maneno. Alikaa uani akimenya viazi vyangu, na kila anga lilipofunga alitazama upande wa Embu kwa hofu ambayo hakujaribu kuificha. Mimi pia niliogopa. Nilikuwa nimeichukua dhamana ambayo hakuna aliyenilazimisha kuichukua, na usiku nilisikiliza ukuta wa chumba chake kuliko redio.

Uchungu ulimshika asubuhi, tukinywa uji. Gari langu dogo lilikuwa pale uani, na nilikuwa nimeshashika funguo. Wawira alisimama akishikilia nguzo ya veranda, akatikisa kichwa.

“Tutembee,” akasema. “Mimi nimechoka na magari.”

Nikaziacha funguo mezani. Tulitoka langoni, mama yake upande mmoja na mimi upande wa pili, mvua ikinyesha kwenye barabara ya lami, tukisimama kila maumivu yalipomjia na kuendelea yakipita. Watu walitupisha. Muuza mboga mmoja aliacha meza yake akaja kutushikia mwavuli. Tukafika.

Mtoto alizaliwa kabla ya saa sita, msichana, analia vizuri. Nilimpigia mwalimu simu. Huko juu mvua ilikuwa imekata barabara kwenye kona ileile, hakuna chombo kilichoshuka, kwa hiyo aliteremka mlima kwa miguu, akatafuta usafiri Kianjokoma, na kufika Nkubu jioni. Alisimama kwenye mlango wa wodi akiwa na tope hadi magotini, akiogopa kukanyaga sakafu iliyokuwa imepigwa deki.

“Ingia tu,” Wawira akamwambia. “Mtoto amefika.”